Mhuri Ulikwenda Semina

Kazi yangu ni kupima ubora wa mafunzo wanayopewa watumishi wa serikali huku kwetu mikoa ya Ziwa. Nikiitaja mbele ya watu, wengi hunionea huruma, wakidhani nashinda napanga karatasi. Hawajui ni kazi tamu kiasi gani kwa mtu mwenye kinyongo. Mimi kinyongo ninacho na sikifichi. Nimekilea vizuri kuliko mchicha wangu wa Mkolani, ambao hukauka kila kiangazi.

Kinyongo changu ni juu ya mkufunzi mmoja wa huduma kwa mteja. Ni mrefu, ana sauti ya kutangazia redioni, na anajua kuchekesha. Alichukua siku moja ya maisha yangu, akaijaza uongo, akaifanya somo. Alilifundisha ukumbi baada ya ukumbi, mpaka ikawa siwezi kuingia ofisi ya serikali bila mtu kumkonyeza mwenzake. Kwa miaka yote hiyo nilitaka kitu kimoja tu: siku moja alikanushe somo hilo kwa mdomo wake mwenyewe, amesimama mbele za watu, na aone haya kama nilivyoona mimi.

Niieleze kwanza siku yenyewe jinsi ilivyokuwa, maana wengi wameisikia na hakuna aliyeisikia kwangu.

Nilikuwa karani wa dirishani katika ofisi ndogo ya mifugo karibu na Kigongo, enzi za kivuko, kabla ya daraja. Aliyetaka kuvusha ng'ombe kwenda Busisi alikuja nao kwetu. Daktari wa mifugo aliwakagua na kusaini, mimi nikajaza kibali, kisha kibali kikagongwa mhuri. Bila mhuri, kibali kilifaa kufungia maandazi tu, na askari wa kivukoni walilijua hilo vizuri.

Mhuri ulikaa kwenye droo ya mkuu wetu wa kituo. Droo ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo aliufunga pamoja na wa nyumba yake na wa pikipiki yake. Ndivyo walivyo wakubwa wengi niliofanya nao kazi. Mhuri kwao si kifaa, ni cheo. Mkubwa atakuachia kiti, atakuachia ofisi nzima na wageni wake, lakini mhuri hauachi. Akiuacha na kazi zikaenda bila yeye, watu wataanza kujiuliza alikuwa wa nini.

Asubuhi hiyo mkuu hakuwepo. Alikuwa mjini Mwanza kwenye semina ya huduma kwa mteja. Droo ilifungwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na simu yake alikuwa ameizima, kwa kuwa amri ya kwanza ya semina yoyote ni kuzima simu.

Basi akaja mzee wa Kisukuma, kavaa kofia ya pama, na nyuma yake vijana wa ukoo wakiswaga ng'ombe wa mahari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita mayu, yaani mama, ingawa nilikuwa rika la wajukuu zake. Alinieleza kwa furaha kwamba mwanawe wa mwisho anaoa, na wakwe wanawangoja Sengerema, wameshachinja. Daktari alikagua ng'ombe, akasaini, akapanda pikipiki kwenda vijijini. Nikajaza kibali kwa mwandiko wangu mzuri. Kisha ikanibidi nimwambie mzee ukweli.

Aliniuliza, "Mayu, mhuri umekwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba mhuri upo, umefungiwa, na ufunguo umekwenda semina. Akataka kujua semina ni nini. Nikamweleza kuwa ni mahali ambapo watumishi wanafundishwa namna ya kuwahudumia wananchi. Mzee alinitazama muda mrefu kuona kama namtania. Alipoona simtanii, akaketi.

Nilimpa kiti changu. Nilimtafutia uji kwa mama lishe wa kivukoni. Nilipiga simu ya mkuu mpaka sauti ya yule dada wa mtandao anayesema mteja hapatikani ikanichosha masikio. Nilikwenda kwa askari wa kivuko nikawaomba wamvushe kwa sahihi ya daktari, wakakataa, na sikuwalaumu. Jioni, kivuko cha mwisho kilipopiga honi, ng'ombe bado walikuwa chini ya dirisha langu, wamekula maua ya ofisi yote. Ndipo nikamwambia mzee maneno ambayo yamenifuata maisha yangu yote. Nilimwambia, "Babu, rudini kesho."

Kesho yake semina iliendelea. Ng'ambo, wakwe walidhani wamedharauliwa. Harusi iliahirishwa, na mzee wa watu alitozwa ng'ombe wa ziada kwa kuwaaibisha wenyeji wake. Mwanawe mkubwa akapeleka malalamiko ngazi za juu, nami ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Malalamiko yakamfikia mkuu wangu huko huko semina.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mtu wa ofisi ya jirani aliyekuwa kikundi kimoja na mkuu. Mkufunzi aliwataka washiriki watoe mfano wa huduma mbovu kutoka vituo vyao. Mkuu wangu akasimama. Akasimulia juu ya karani wake mvivu, aliyemwacha mzee na ng'ombe wa mahari wanapigwa jua kutwa nzima, halafu jioni akamfukuza na kumwambia arudi kesho. Ufunguo hakuutaja. Alikuwa nao mfukoni wakati anasema. Mkufunzi alifurahi sana, akampongeza kwa uwazi, na ukumbi ukampigia makofi ya kilo, yale mazito ya semina.

Mkuu aliporudi kituoni nilimuuliza kwa nini amenifanyia vile. Aliniambia nisilete mambo ya semina kazini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakumjua mkufunzi huyu. Njia yake ilifika Geita, Shinyanga, Musoma na Bukoba, na kila ilipofika uongo ulikuwa umenenepa. Mwanzoni karani alikuwa anakunywa chai tu. Baadaye chai ikaongezewa chapati. Kisha karani akawa yuko kwenye simu na mchumba, anacheka. Baadaye akawa anapaka rangi kucha, akampulizia mzee vidole usoni vikauke. Kila nilipokutana na mtu aliyetoka kwenye mafunzo yake nilipata habari za mambo mapya niliyoyafanya. Alikuwa halitaji jina langu. Alisema tu "karani mmoja wa pale Kigongo", na Kigongo, kwenye dirisha la ng'ombe, karani alikuwa mmoja.

Nilijitetea mwanzoni. Nilisimulia habari za ufunguo kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Watu waliitikia kwa adabu, halafu wakaambiana pembeni kwamba lisemwalo lipo. Nilipoitwa kwenye usaili wa kupanda cheo, mjumbe mmoja alisubiri wenzake wamalize maswali, akaniuliza huku anatabasamu kama mimi ndiye yule wa ng'ombe. Wote wakacheka, hata aliyekuwa anaandika. Cheo sikupata. Nilihamishiwa masijala mjini, mahali pasipo na dirisha wala mwananchi, ili nisiliaibishe tena taifa.

Hayo ningeweza kuyameza. Nilichoshindwa kukimeza ni cha baba yangu. Baba alikuwa mfugaji, mtu wa minada. Siku moja alirudi kutoka mnadani, akakataa chakula. Mama alipomhoji, akaniita. Aliniuliza kwa Kisukuma, akinitazama miguuni, kama ni kweli nilimsimamisha juani mzee mwenzake akiwa na ng'ombe wa mahari. Nilimweleza yote kwa utaratibu, habari za droo, ufunguo na semina. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Lakini watu wazima wote wale, wasomi, wanaweza kweli kusema uongo huo huo?"

Baba alikufa akiwa ananiamini nusu, na hiyo nusu nyingine iko kwa mkufunzi. Sijawahi kumsamehe kwa hiyo, na wachungaji wa kanisani wamejaribu kunishawishi.

Nikasoma. Hasira humfaa sana msomaji wa jioni, haimruhusu kusinzia. Nilisomea utawala huku nikiwa masijala, kisha nikasomea mambo ya tathmini, nikahamishwa hapa na pale, mpaka siku moja nikajikuta nimekabidhiwa jukumu la kupima kama mafunzo ya watumishi yanaleta faida yoyote. Katika kozi za kupimwa mwaka huo ilikuwemo ya huduma kwa mteja, na mkufunzi alikuwa ni yule yule. Nilifunga mlango wa ofisi nikacheza peke yangu, mtu mzima mimi, mikono juu kama niko harusini.

Sasa niseme namna mafunzo yanavyopimwa kwa kawaida, maana hapo ndipo wakufunzi wa aina yake wanapojificha. Siku ya mwisho, mgeni rasmi ameshafika, chakula kinanukia, na watu wanawaza usafiri. Ndipo washiriki wanagawiwa fomu yenye vikatuni vya nyuso, mmoja anacheka, mmoja kanuna. Nani atamchora mkufunzi uso wa kununa wakati pilau liko mlangoni? Wote wanaweka alama kwenye uso unaocheka, wanaandika kwamba muda hautoshi, mafunzo yaongezwe, kisha wanakwenda kupiga picha ya pamoja. Kwa kipimo hicho mkufunzi wangu alikuwa malaika.

Mimi napima kwa njia nyingine. Nangoja wale waliofundishwa warudi kazini na wasahau kwamba kuna mtu atakuja kuwapima. Halafu navaa kitenge na kandambili, nachukua shida ya kweli, yangu au ya jirani, nakwenda kukaa benchi kama mwananchi yeyote. Benchi la serikali lina elimu kubwa. Ukikaa hapo asubuhi mpaka saa ya kufunga, utajua mtumishi alifundishwa nini na alielewa nini.

Kwa hiyo nilizikalia ofisi ambazo watu wake walipita mikononi mwa mkufunzi wangu. Nilikwenda nikiwa na hamu mbaya. Nilitaka kukuta uchafu, matusi, watu waliolala mezani, nikayaandike yote na jina lake juu.

Sikukuta matusi. Nilikuta watu wenye adabu mpaka nikachukia. Waliniamkia, walinipa kiti, walinipa pole ya safari na pole ya jua. Katika ofisi moja karani alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alisimama nilipofika dirishani. Alipokea karatasi zangu kwa mikono miwili, akazipitia, akaniambia ziko sawa, hakuna kinachopungua ila mhuri, na mhuri uko kwa bosi, na bosi yuko kwenye kikao Dodoma. Akaniomba radhi kutoka moyoni. Akaniomba nirudi kesho, ikiwezekana kesho kutwa, na akanisindikiza mpaka mlangoni.

Hapo mlangoni nilimsifu kwa upole wake, nikamuuliza amejifunzia wapi.

"Semina, mama," akasema. "Tulifundishwa tusiwe kama yule karani wa Kigongo."

Nikamwambia mimi ni mtu wa mashamba, sijui habari hizo, anisimulie. Akanisimulia. Nilisimama pale nikasikiliza mabaya yangu kutoka kwenye kinywa kizuri kisicho na kosa. Kulikuwa na chai, chapati, simu na kucha. Kulikuwa na mzee analia. Safari hii na ng'ombe mmoja alikufa kwa kiu mlangoni.

Nikamuuliza, "Na mhuri ulikuwa wapi siku hiyo?"

Binti akashangaa. "Mhuri upi, mama?"

Nilirudi nyumbani. Hasira yangu ya siku zote ilikuwa na joto, ile ya jioni hiyo ilikuwa baridi, na ndiyo niliyokuwa nimeikosa. Nilikuwa nimeona kilichofanyika. Kizazi kizima cha makarani kilifundishwa kwamba mzee wa Kigongo alikosa tabasamu, kumbe alikosa ufunguo. Wamefundishwa kusema rudi kesho kwa sauti laini. Nilikalia ofisi nyingine, na nyingine, za kandokando ya ziwa, na kote niliondoka nimeombwa radhi vizuri, na karatasi zangu hazina mhuri.

Ningeweza kuishia hapo, niandike taarifa kali, ipelekwe juu, ikae. Lakini taarifa haioni haya, mtu ndiye anayeona haya. Nikaulizia mkufunzi atakuwa wapi. Nikaambiwa atawafundisha wakuu wa vituo, ukumbini, Pasiansi, Mwanza. Nikaomba majina ya washiriki. Mkuu wangu wa zamani alikuwemo, sasa mkubwa zaidi, karibu kustaafu. Nikapiga pasi gauni langu la bluu.

Mkufunzi alinipokea kwa heshima zote. Hakunijua. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu huyu, aliyenitangaza mikoa mingi, alikuwa hajawahi kuniona kwa macho. Alinitambulisha kama mtathmini wetu mpendwa, akanipa kiti cha mbele. Mkuu wangu wa zamani yeye alinijua mara moja. Alianza kuisoma chupa yake ya maji, neno kwa neno, kana kwamba ataulizwa.

Simu zikazimwa. Kukachaguliwa mwenyekiti wa darasa na mtunza muda. Mkufunzi akapanda, akakunja mikono ya shati, akaanza na mimi.

Nikiri kwamba anajua kazi ya kuchekesha. Alitembea kama huyo karani wake, alitafuna chapati ya hewa, alipuliza kucha. Wakuu wa vituo walicheka mpaka wengine wakavua miwani kufuta machozi. Alipofika pale ng'ombe anapoanza kulegea miguu kwa kiu, nikanyoosha mkono. Akasimama mara moja, kwa adabu, akawaambia mtathmini wetu ana neno, tumkaribishe kwa makofi ya kilo. Wakapiga.

Nikawashukuru. Nikasema kabla sijatoa neno nina ombi dogo. Kila aliyekuja na ufunguo wa mahali unapofungiwa mhuri wa ofisi yake, naomba auweke hapa mezani.

Kwanza walicheka, wakidhani ni mchezo wa kuwachangamsha. Sikucheka nao. Kungoja nilijifunza masijala, naweza kumngoja mtu mpaka akajutia kuzaliwa. Mama mmoja wa mstari wa pili akafungua mkoba wake, akaja, akaweka ufunguo, akarudi bila kunitazama. Akafuata mwingine. Halafu wakaja kwa pamoja, na meza ya mkufunzi, pale alipokuwa ameweka kalamu zake za rangi, ikajaa funguo. Nyingine zilifungwa pamoja na za nyumba, nyingine na za gari. Mkuu wangu wa zamani alibaki amekaa. Nikamwambia, "Na wewe, mkuu wangu wa Kigongo." Akaja. Nilizitambua funguo zile, ila pikipiki ilikuwa imekuwa gari.

Nikamwomba awashe simu yake, apige ofisini kwake, na sauti aiweke juu sote tusikie. Alimtazama mkufunzi. Mkufunzi alitabasamu, kwa sababu alikuwa bado hajaelewa. Akapiga.

Ilipokea sauti ya kijana wa kike. Alimwamkia bosi wake. Nikamnong'oneza bosi amuulize kama kuna wananchi wanaosubiri mhuri. Akauliza.

"Wapo, bosi," sauti ikasema. "Ni wengi kidogo. Nimewapa maji, nimewaomba radhi, nimewaambia kwa upole warudi Jumatatu ukirudi semina. Kuna mzee mmoja tu hataki kuondoka, ila simfokei."

Hakuna aliyecheka. Nikachukua nafasi hiyo, nikaongea polepole, bila kumjali mtunza muda. Nikawaambia karani wa Kigongo ni mimi. Nikawaambia sikunywa chai wala sikupaka kucha, na hakuna ng'ombe aliyekufa, isipokuwa huyu anayekufa humu ukumbini kila mwaka. Mzee alihitaji mhuri. Mhuri ulikuwa droo, na ufunguo wa droo ulikuwa kwenye mafunzo ya mkufunzi huyu, mfukoni mwa bwana huyu, wakati anasimama kunisingizia. Mkufunzi akapokea uongo bila swali hata moja, akaupamba, akawalisha. "Na nyinyi mliokula mko hapa leo," nikawaambia, "na funguo zenu ziko hapa, na huko mlikotoka wananchi wanaambiwa pole."

Mkufunzi alijaribu. Aliinua mikono, akasema kwa ile sauti yake ya redio kwamba huo ndio uwazi tunaoutaka, tumpigie mama yetu makofi ya kilo. Mtu mmoja nyuma alipiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha.

Mkuu wangu wa zamani alikuwa bado kasimama mezani. Nikamwambia mzee anamngoja. Akachukua funguo zake. Alitembea katikati ya viti mpaka mlangoni, mtu wa cheo chake, na kila aliyempita alimpisha. Nilimtazama mpaka alipotoka. Nilitaka kukumbuka mgongo wake, na ninaukumbuka.

Kisha nikakaa, nikavuta gauni langu likae vizuri magotini. Nikasema, "Endelea, mkufunzi. Ulikuwa umefika pale ng'ombe anapokufa."

Hakuweza. Alikunywa maji. Mwishowe akatangaza mapumziko ya chai ambayo haikuwa imeiva.

Mchana alinifuata nikiwa nakula sato. Aliomba kukaa, nikamwacha asimame. Alisema samahani mara nyingi. Alisema ulikuwa mfano tu wa kufundishia, hakukusudia kumuumiza mtu, na kwamba alikuwa mwangalifu, jina langu hakulitaja hata siku moja.

"Ndiyo maana sikuweza kukanusha," nikamwambia. "Ungelitaja ningekushitaki."

Akaniuliza afanye nini nimsamehe. Nikamwambia msamaha sina, nina taarifa ya kuandika, naye atapata nakala. Nikaendelea na samaki wangu. Sijawahi kula samaki mtamu kama yule, na sioni aibu kusema hivyo.

Taarifa niliandika kwa haki, kwa sababu haki ilikuwa upande wangu. Niliandika kwamba mafunzo yamewapa watumishi lugha nzuri na hayajamfungulia mwananchi droo hata moja. Niliandika kwamba mkuu yeyote anayekwenda kwenye mafunzo asipokelewe ukumbini mpaka aoneshe ni nani amekabidhiwa mhuri. Waliokuwa juu yangu walilipenda hilo, na sasa linaanza kufuatwa. Juu ya mkufunzi walidhani nitashauri aondolewe, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba wangeunga mkono. Nikakataa. Mtu akiondolewa anakwenda kulima bustani, watu wanamwonea huruma, na hadithi yake inabaki inatembea bila mwenyewe. Nilishauri aendelee kufundisha. Ila kila darasa alianze kwa kisa cha Kigongo, chote, kama kilivyotokea, ufunguo ukiwemo, na yeye mwenyewe akiwemo, aseme kwamba alidanganywa, kwamba hakuuliza, na kwamba ya kucha, simu, chapati na kifo cha ng'ombe aliyatunga yeye. Na mtathmini awe na ruhusa ya kuhudhuria bila taarifa.

Walikubali. Hawakuona ni adhabu, waliona ni ubunifu.

Nimeshahudhuria mara kadhaa. Nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Huwa anaanza vizuri, kisha ananiona, na sauti ile nzuri inakauka. Inambidi aseme mbele ya vijana wanaomwona kwa mara ya kwanza, wasiomjua kwa lingine lolote, kwamba alimzulia karani mambo. Hakuna anayecheka. Wanamtazama kama baba alivyonitazama mimi, chini, miguuni. Akimaliza sehemu hiyo naondoka, sina haja na somo lililobaki.

Kuna watu wa kanisani wanaoniambia inatosha sasa, ameshaungama, nimwachie. Huwa nawajibu kwamba baba yangu hakusikia hata mara moja, na mpaka baba asikie, mtu yule atakuwa bado hajaungama, anajizoeza tu. Mwezi ujao anafundisha Sengerema. Zamani ningefikiria mara mbili, maana kivuko kilikuwa na foleni zake, lakini siku hizi tuna daraja, na naweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.